Iotee kwa karibu: namna ya kukagua laptopu kubwa ya kazi kabla hujalipa

Kompyuta mpakato imepata jina lake kwa kupakatwa, kama mtoto. Sasa jaribu kuipakata Dell Precision 7720: kioo cha inchi 17.3, uzito unaokaribia kilo tatu na nusu, na chaja kubwa kama nusu tofali. Dakika ishirini tu miguu imekufa ganzi. Mashine za namna hii hazikutengenezwa kwa ajili ya mapaja. Zinakaa mezani, zinafanya kazi ya kompyuta ya mezani, na siku ukitaka kuhama unaifunika na kuondoka nayo.

Hapa Mbeya zimekuwa nyingi. Nyingi ni used: zimetumika miaka kadhaa kwenye makampuni ya nje, zikashushwa Dar, na kutoka Kariakoo zikapanda basi hadi Mwanjelwa na Kabwe. Mimi nachora ramani za nyumba na kuandaa makadirio ya vifaa kwenye fremu moja ndogo. Nimeshanunua tatu, na moja kati ya hizo iliniliza.

Watu hunitumia picha ya tangazo WhatsApp: "Core i7, RAM 16, SSD 512. Kaka, hii vipi?" Kwa maneno hayo siwezi kumjibu mtu. Majibu yako kwenye mambo mawili ambayo tangazo halitaji: chaja iliyo nayo ni ya wati ngapi, na mashine inafanyaje ikishapata moto. Hayo mawili nitakaa nayo. Mengine nitayapitia tu.

1. Anza na faili lako zito kuliko yote

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua flashi uweke faili moja linaloitesa kompyuta yako ya sasa. Ramani ya ghorofa yenye vivuli na fanicha zote, video ya harusi ya 4K, picha mia nane za droni unazotaka kuziunganisha ziwe ramani moja ya shamba. Hilo ndilo litakalokukagulia mashine.

Ukikosa faili la kuweka, jiulize kama unaihitaji kweli. Jirani yangu anatunza hesabu za wafanyabiashara wa mchele. Alikuja amepania kununua ya inchi 17 kwa sababu moja tu: ina tarakimu pembeni mwa kibodi. Nilimwambia anunue kibodi ndogo ya tarakimu ya kuchomeka, abaki na laptopu yake. Excel na mfumo wa TRA havihitaji trekta.

Na kama mashine haitatoka mezani kamwe, kompyuta ya mezani pamoja na UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) inaishinda. Kwa nguvu ileile bei inakuwa chini, inapoa vizuri zaidi, na kila kifaa kinabadilishika. Sababu zinazonifanya nibaki na laptopu ni tatu. Umeme ukikatika sipotezi kazi. Nikienda saiti Chunya au Makete naondoka na ofisi nzima. Halafu kuna hili la tatu ambalo wauzaji hawalisemi: jioni naibeba nyumbani, kwa hiyo mwizi akivunja fremu usiku anakuta meza.

2. Soma herufi ya mwisho ya prosesa

"Core i7" peke yake ni jina la ukoo. Angalia namba nzima. Core i7-7600U ina koo mbili tu (core, yaani vichwa vya kufanyia kazi), imetengenezwa kwa laptopu nyembamba za kuokoa betri. Core i7-7820HQ ya kizazi hichohicho cha saba (namba zote mbili zinaanza na 7) ina koo nne. Core i7-8750H, kizazi kilichofuata, ina sita. Herufi U ni ya mwendo wa pole; H, HQ na HX ndizo za mashine tunazozizungumzia. Kuna matangazo mengi yanayoita laptopu ya U "mashine ya kazi nzito" kwa sababu ina kioo kikubwa.

Kizazi nacho kina uzito wake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha mashine chache sana. Ya kizazi cha sita au cha saba itawaka na itachora vizuri tu, lakini kama unaingia kwenye benki au mifumo ya wateja kupitia mashine hiyohiyo, hesabu hilo kwenye bei. Usikubali kuuziwa ya kizazi cha saba kwa bei ya cha nane eti "tumeshakuwekea Windows 11". Kuingia inaingia. Masasisho yake ndiyo Microsoft haiyaahidi.

RAM: 16 ni mwanzo, 32 ndiyo raha. Mashine kubwa kama Lenovo ThinkPad P52 au hiyo Precision 7720 zina nafasi nne za RAM, kwa hiyo uliza nafasi ngapi ziko wazi. Mbili zikiwa wazi unaongeza mwakani bila kutupa chochote.

3. Pindua chaja

Ile iliyoniliza niliinunua kwa simu. Picha nzuri, bei nzuri, muuzaji mpole. Nikaipokea asubuhi kwenye basi, nikaiwasha ofisini, ikaniandikia kwamba chaja haina nguvu inayotakiwa, bonyeza kitufe uendelee. Nikabonyeza. Kila kitu kikafunguka. Ila nilipozungusha jengo la ghorofa mbili kwenye kioo, lilienda kwa kurukaruka kama kanda iliyokwaruzika. Siku mbili nzima nafuta programu, naweka Windows upya, nasingizia virusi. Siku ya tatu fundi mmoja wa Soweto hata hakuigusa kompyuta. Aliipindua chaja, akasoma maandishi, akacheka. Mashine inataka wati 240, mimi nimetumiwa ya 130.

Chaja za mashine hizi zinaongea na kompyuta. Kwenye Dell, ule msumari mwembamba katikati ya kichwa cha chaja haupitishi umeme wa kuendeshea mashine. Unapeleka taarifa kwamba mimi ni wa wati kadhaa. Kompyuta ikisikia wati pungufu, au msumari ukiwa umepinda isisikie chochote, inajilinda: inashusha mwendo wa prosesa, na betri inaweza isichaji kabisa. Hutaona moshi wala kusikia harufu. Utaona tu kwamba umenunua kompyuta ya milioni mbili inayotembea kama ya laki tatu.

Kwa hiyo pindua chaja utafute mstari ulioandikwa OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea. 19.5 mara 12.3 inakupa takriban 240. 19.5 mara 6.7 inakupa 130, ile ya kwangu. Kisha linganisha na mashine: Precision 7520 ya inchi 15 inakuja na ya 180, Precision 7720 ya inchi 17 na ya 240, ThinkPad P52 na ya 170 kwenda juu, HP ZBook 17 G5 na ya 200. Kwa Dell unaweza kwenda mbali zaidi: iwashe huku ukigonga F2, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), tafuta ukurasa wa betri. Pale mashine yenyewe inakwambia imesoma chaja ya wati ngapi. Karatasi iliyobandikwa kwenye chaja inaweza kuandikwa na yeyote, BIOS inasema ilichokisikia.

Ukimaliza, uliza bei ya chaja ya pili kabla hujakubali bei ya mashine. Za wati 65 na 90 zimejaa kila duka. Za 200 na 240 mara nyingi ni za kuagiza, na utazikumbuka siku panya atakapotafuna waya.

4. Omba kiti, kaa nayo saa moja

Hapa ndipo wengi wanaona aibu. Usione aibu, hela ni yako. Nenda saa ambazo duka halina watu, asubuhi ya katikati ya wiki.

Kijana aliyeniuzia ya tatu aliniambia, "Kaka, hii mashine ni moto wa kuotea mbali." Nikamwomba kiti niiotee kwa karibu. Alicheka, akanipa.

Nilichomeka chaja, nikafungua ramani yangu kutoka kwenye flashi, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili lile dirisha la Task Manager lifunguke, nikaenda kwenye ukurasa wa prosesa ambako mwendo unaonekana kwa GHz. Kisha nikaiambia itengeneze picha ileile ya jengo mara nne mfululizo, bila kupumzika, huku nikiandika muda nyuma ya risiti ya chai. Ya kwanza: dakika 5 na sekunde 10. Ya pili: 5 na 20. Ya tatu: 6 na 45. Ya nne: 7 na 50. Mwendo ulianza 3.4 ukaishia 1.9.

Muuzaji yeyote angenionyesha ile ya kwanza tu, tungeshikana mikono. Mashine inayojipoza sawasawa, mara ya nne hukaribiana na ya kwanza. Prosesa ile ilikuwa i7-7820HQ, ambayo mwendo wake wa msingi ni 2.9. Ikishuka chini ya mwendo wake wa msingi wakati chaja sahihi imechomekwa, maana yake joto limeikaba.

Si lazima iwe mbovu. Nilimwomba kijana tufungue mfuniko wa chini. Kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na vumbi la kijivu limeshikamana, nene kama kipande cha sweta. Akalisafisha, fundi wao akabadilisha ile grisi ya prosesa iliyokuwa imekauka kama udongo. Tukarudia: 5 na 15, 5 na 20, 5 na 25, 5 na 25. Nikainunua, na ndiyo ninayoandikia makala hii. Angekataa kuifungua ningeondoka, maana mashine isiyoruhusiwa kufunguliwa dukani itanifungukia mimi ofisini.

Wakati inachemka, sikiliza. Feni kuvuma kwa sauti kubwa si kosa, mashine hizi huvuma. Kosa ni mkwaruzo, kama jiwe kwenye kinu. Weka viganja pale unapopumzisha mikono ukiandika: pakiwa pa vuguvugu, sawa, pakikufanya uondoe mkono, hutaweza kuchapa hati ya kurasa kumi. Na hakikisha imekaa kwenye meza tupu. Hewa inaingilia tumboni. Ofisi zetu nyingi zina vile vitambaa vya kufuma mezani; kitambaa cha mama ni kizuri, lakini kitoe, kinaziba pua za mashine.

Jambo la kwetu sisi wa nyanda za juu: Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Dar, kwa hiyo feni inasukuma hewa nyepesi. Baridi yetu inafidia, na zaidi. Lakini ndiyo sababu jaribio la asubuhi ya Julai duka likiwa wazi linadanganya: mashine imefaulu kwa msaada wa upepo wa Loleza. Kama kazi zako zinakupeleka Kyela au Dar, fanya jaribio mchana, mlango umefungwa, na usiwe na huruma.

5. Tafuta kufuli zilizofichwa

Mashine zilizotoka makampuni zinaweza kuwa bado zimefungwa na mwenyewe wa zamani. Ingia BIOS (Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1). Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mkono mfukoni. Ukiwa humohumo, angalia kama ulinzi dhidi ya wizi uitwao Computrace au Absolute umewashwa. Ukiwashwa kabisa hauzimiki kwa mkono.

Kisha omba Windows iwekwe upya mbele yako, *intaneti ikiwa imeunganishwa*. Hapo kwenye intaneti ndipo penye siri. Bila mtandao itamaliza vizuri. Ikiunganishwa, mashine ambayo kampuni haikuitoa kwenye orodha yake itakukaribisha kwa jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Wauzaji wengine hulikwepa hilo kwa kuzima mtandao wakati wa kuweka. Inakuja kujitokeza siku utakapoiweka upya wewe.

6. Betri: ihesabu kama UPS

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha Enter. Itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Precision 7720 ilitoka na betri ya saa-wati 91. (Watengenezaji hukomea chini ya 100 kwa sababu ya ndege, ikizidi hapo inahitaji kibali cha shirika kuingia nayo.) Ikibaki 60, kwa kazi ya wati 30 kama kuandika utapata saa mbili. Kwa kazi ya wati 100 utapata dakika 36, na hapo mashine itakuwa imejipunguza mwendo yenyewe.

Dakika 36 zinatosha kuhifadhi faili, kumalizia ulichoshika na kusubiri jenereta ya jirani iwashwe. Usitegemee zaidi. Ila ikiwa imebaki chini ya nusu ya uwezo wake wa awali, kata bei. Na iweke juu ya meza iliyonyooka: ikiyumba kama kigoda kibovu, au kile kibao cha kugusia kimeinuka, betri imevimba. Hiyo usiibebe kwenye begi.

7. Haraka haraka

Kioo: fungua ukurasa mweupe kisha mweusi, tafuta nukta na mistari, kisha inuka uitazame kwa pembeni, rangi zikigeuka, mteja aliyekaa upande wa pili wa meza hataiona ramani yako. Bawaba: fungua kwa kona moja, isitoe mlio. Kibodi: andika sentensi ndefu na tarakimu zote, maana kwenye hizi za inchi 17 herufi zimesogezwa kushoto na wengine hawaizoei. Matundu yote ya USB kwa flashi ileile, HDMI kwa televisheni ya duka, tundu la waya wa mtandao. Diski: weka programu ya CrystalDiskInfo, isome afya na saa ilizofanya kazi, SSD inabadilishika, kwa hiyo ikichoka ni suala la bei tu.

8. Umeme wako na baridi yako

Kwa wastani wa wati 100, saa nane kwa siku, siku 26, inakula kama uniti 21 za LUKU kwa mwezi. Laptopu ndogo ya wati 20 ingekula nne. Ofisi inayogawana mita na saluni, mjadala utakuwepo.

Stabilaiza usinunue kwa ajili yake: soma chaja, imeandikwa inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, umeme ukilegea inavumilia. Kinachoua ni radi za kuanzia Novemba. Ngurumo zikianza, chomoa chaja na waya wa mtandao pia. Na ile inveta ya wati 150 ya kuchomeka kwenye gari haitaiendesha unapokuwa saiti.

Asubuhi ya Juni umetoka Uyole na bodaboda, mashine mgongoni imekuwa barafu, unaingia kwenye chumba cha mkutano chenye watu thelathini na chai. Iache ndani ya begi nusu saa kwanza. Vioo vya miwani vinavyofunga ukungu ukiingia humo vinakuonyesha kinachotokea kwenye bodi ya ndani.

9. Karatasi

Dai risiti ya EFD yenye bei kamili, na namba ya mashine iandikwe pale au kwenye hati ya dhamana, ifanane na ile iliyo chini ya mashine. Risiti si ya kumridhisha TRA tu. Kama unatengeneza hesabu kamili, kompyuta ziko daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mashine ya shilingi 2,400,000 inakupunguzia 900,000 kwenye faida inayotozwa kodi mwaka wa kwanza, na 562,500 mwaka wa pili. Bila risiti, hakuna.

Dhamana uliza inatumikia wapi. Ya "mwezi mmoja" inayotaka urudishe mashine Dar kwa gharama yako ni dhamana ya watu wa Dar.

Ukinunua kutoka mbali, mtafute mtu aliye hukohuko, mtumie faili lako zito, mlipe saa yake ya kukaa dukani akuandikie zile nyakati nne na kukupigia picha ya chaja upande wenye maandishi. Mzigo ukifika, ufungue palepale kwa wakala kabla ya kusaini. Anza na chaja.